Mtani wa Serikali

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze habari za mtu mmoja aliyekuwa akiandika magazetini na kutunga riwaya, Wahome Mutahi wa nchi jirani ya Kenya. Lakini siwezi kufika Nairobi bila ya kupita kwanza kijijini kwetu Malolo. Ni huko nilikofundishwa namna ya kumsoma mwandishi huyo, na aliyenifundisha ni mjomba wangu, mzee ambaye hakupata kuliona gazeti la Nairobi mpaka siku nilipompelekea mimi.

Malolo iko Ruangwa, Mkoa wa Lindi. Sisi tuliozaliwa zamani tulikuwa tukijiita watu wa Nachingwea, maana Ruangwa ilikuwa bado haijawa wilaya. Ilipata hadhi hiyo mwaka 1995. Ni nchi ya Wamwera, nchi ya korosho na mihogo, na kama ilivyo kusini kote, ni nchi ya utani. Mtu wa mjini siku hizi akisikia utani hudhani ni mzaha wa vijana wa kijiweni, au kelele za Simba na Yanga. Utani ninaousema mimi ni kazi, na una sheria zake.

Baba yangu alifariki mwaka 1984. Alikuwa mtu mwenye heshima zake, lakini alikuwa na mkono mgumu. Dada yetu mkubwa alipochaguliwa kwenda sekondari, baba alikataa kutoa fedha za nauli na sare, akasema msichana hana haja ya kusoma kuliko hapo. Jambo hilo lilimkaa mama moyoni kwa miaka mingi, wala hakuna mtu katika ukoo aliyethubutu kulitaja mbele ya mzee.

Siku ya mazishi, tumekaa matangani, akina mama wanalia, mara akatokea mtani wetu amevaa koti la marehemu. Ameshika na fimbo yake. Akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti alichokuwa akikaa baba, akatoa sarafu mfukoni, akaanza kuzihesabu huku akikunja uso vile vile alivyokuwa akikunja mzee. "Shilingi hii ni ya nauli?" akauliza kwa sauti ya baba. "Nauli ya nini? Huyu binti anataka kusoma mpaka awe Bwana Shauri?" Kwanza watu walinyamaza. Kisha mama yangu akaanza kucheka huku machozi yakimtoka, na uwanja mzima ukacheka naye. Hakuna aliyekasirika, kwa sababu kumkasirikia mtani ni mwiko, na ukikasirika unatozwa faini. Mtani yule yule ndiye aliyekuwa ameshinda juani asubuhi akichimba kaburi.

Miaka miwili baadaye mdogo wetu wa kike alichaguliwa kwenda sekondari. Mjomba aliitisha kikao cha ukoo, akasema maneno machache tu: "Msinifanye niitiwe mtani." Nauli ilipatikana jioni ile ile.

Sasa twende Nairobi. Mwaka 1993 nilikwenda huko kwa semina ya waandishi wa habari ya majuma mawili. Jumapili ya kwanza niliingia mkahawani kunywa chai, maeneo ya River Road. Wateja wengi walikuwa na gazeti la Sunday Nation. Nilichokiona ni kwamba walikuwa hawaanzi na ukurasa wa kwanza. Walikuwa wakifunua kurasa za ndani, wanasoma, wanacheka peke yao, kisha wanamwonyesha jirani ambaye hata hawamjui. Nilipouliza wanasoma nini, jamaa mmoja alinitazama kama mtu aliyeuliza jua linachomoza upande gani. "Whispers," akanijibu.

Whispers maana yake ni minong'ono. Lilikuwa jina la safu, na pia jina la mhusika mkuu wa safu hiyo. Wahome Mutahi alikuwa amekwisha kuiandika tangu mwaka 1982. Yeye mwenyewe alizaliwa Nyeri mwaka 1954, akasoma Chuo Kikuu cha Nairobi, akapata kuwa Di-O katika utawala wa mikoa kabla ya kuingia magazetini. Yaani alikuwa amekaa ndani ya nyumba ya serikali, akajua milango inafunguliwaje na mafaili yanalala wapi.

Habari za safu hiyo zilikuwa ndogo ndogo. Kuna baba mmoja, Whispers, mtu wa miteremko ya Mlima Kenya, aliyehamia jijini. Anapenda bia, anajiona bwana mkubwa, lakini mfukoni hana kitu. Nyumbani ana mke aliyempa jina la Thatcher, lile la mama yule wa chuma aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, na kwa kweli mama huyo ndiye anayetawala. Watoto wanajibizana na baba yao kwa Kiingereza cha mitaani. Mama yake mzazi kule kijijini, Appepklonia, ana maneno yake. Kila Jumapili baba huyu anatoa amri, na kila Jumapili amri zake hazifiki hata mlangoni.

Ukisoma mara ya kwanza unadhani ni vichekesho vya ndoa. Ukisoma mara ya pili unaanza kujiuliza. Baba huyu anayetaka aitikiwe kila anachosema ni nani? Nyumba hii ambamo mkubwa anahubiri nidhamu huku yeye mwenyewe anarudi usiku wa manane ameyumba, ni nyumba ya nani? Wakati huo Kenya ilikuwa chini ya Rais Daniel arap Moi, na mpaka Desemba 1991 ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Watu walikuwa wamezoea kutazama nyuma kabla ya kutaja jina la mkubwa. Wahome Mutahi hakutaja jina. Alimtaja baba wa nyumbani, na kila msomaji alimwona aliyetaka kumwona.

Nilirudi na magazeti mawili. Mwaka huo huo nilipokwenda likizo Malolo, jioni moja nikamsomea mjomba, nikimfasiria kwa Kiswahili na mahali pengine kwa Kimwera. Mzee alicheka mpaka akaweka chini kiko chake. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mpwa wangu, huyu bwana ni mtani wao?"

Nikamwambia, mjomba, huyu ni mwandishi tu wa gazeti.

"Nakuuliza tena. Serikali yao imemkubali kuwa mtani wake? Maana haya anayoyasema ni maneno ya mtani. Anajicheka mwenyewe kwanza, ndipo anawacheka wenziwe. Sasa kama wamemkubali, sawa. Kama hawakumkubali, huyu ataumia."

Nikamweleza kwamba alikwisha kuumia. Agosti 1986 Wahome Mutahi alikamatwa pamoja na ndugu yake Njuguna. Ilikuwa miaka ya msako wa Mwakenya, chama cha siri kilichotuhumiwa kutaka kuipindua serikali. Walimu, wanafunzi wa vyuo vikuu, wakulima na waandishi walizolewa. Wengi walipitishwa Nyayo House, jumba refu la ofisi za serikali katikati ya Nairobi, ambalo chini yake kulikuwa na vyumba vya mateso. Juu wananchi walikuwa wakipanga mstari kuchukua pasipoti. Chini watu walikuwa wakifungiwa uchi katika vyumba vilivyojazwa maji. Wahome Mutahi alipita huko, kisha akapelekwa gerezani. Alitoka mwaka 1987.

Mjomba alinyamaza kidogo, akanisimulia jambo ambalo nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwake. Ujanani alikuwa kibarua wa Wazungu wa karanga. Wasikilizaji wa umri wangu wanaukumbuka mpango huo, angalau kwa masimulizi. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma watu watatu kuja kuikagua Tanganyika kwa majuma tisa, na kwa ripoti yao ikaamuliwa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa zikiwa hapa nchini, Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Yakaletwa matingatinga. Ikajengwa bandari mpya Mtwara na reli ya kuja Nachingwea. Januari 1951 mpango ukavunjwa, baada ya kutumia paundi milioni 36 hivi, na karanga zilizopatikana hazikufanana kabisa na fedha hizo. Reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

"Sisi vibarua tulikuwa tukicheka kila jioni," mjomba akasema. "Tulikuwa tunaigiza bwana mkubwa anavyoiamuru mvua inyeshe. Tulikuwa tunajua ardhi ile ikikauka inakuwa kama sakafu. Lakini tulikuwa tunacheka kwa Kimwera, kambini, wao wamelala. Hatukuwa watani wao, mpwa wangu. Tulikuwa vibarua wao. Kibarua hamwambii bwana kitu."

Ndugu msikilizaji, nimesoma vitabu kadhaa juu ya mpango wa karanga, vyenye hesabu na ramani. Sijapata maelezo yanayonitosha kuliko hayo ya mjomba. Kicheko kilikuwapo, na ndani ya kicheko kulikuwa na maarifa ya mvua na udongo. Kilikosekana kiti kimoja tu, cha mtu anayeruhusiwa kuvaa koti la bwana mkubwa na kumwigiza mbele ya macho yake. Kwa hiyo minong'ono ilibaki kambini, na paundi zikaendelea kumwagwa mchangani.

Basi tumtazame tena Wahome Mutahi kwa jicho hilo. Mtu aliyetoka mahali kama Nyayo House ana njia mbili rahisi. Anaweza kunyamaza kabisa, na hakuna atakayemlaumu. Au anaweza kuandika kwa hasira tupu, na hakuna atakayemlaumu vile vile. Yeye alirudi kwenye minong'ono yake ya Jumapili, akaendelea kuwachekesha watu. Lakini pembeni aliketi akaandika riwaya.

Ya kwanza, iliyotoka mwaka 1991, inaitwa Three Days on the Cross, yaani siku tatu msalabani. Ni habari ya watu wasio na hatia waliokamatwa na polisi wa siri katika nchi isiyotajwa jina, chini ya mtawala anayeitwa Mtukufu. Humo hamna mzaha mwingi. Anaeleza namna binadamu anavyovunjwa mpaka akakiri jambo ambalo hakulitenda. Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, na hebu fikiria, kilitolewa wakati serikali ile ile iliyomtia ndani bado iko madarakani. Ya pili, Jail Bugs, ilifuata mwaka 1992, nayo inamwingiza msomaji ndani ya gereza: harufu yake, njaa yake, kunguni wake, na namna mfungwa na askari jela wanavyofanana kadiri siku zinavyokwenda. Mwaka 1999 akatoa Doomsday, iliyotokana na mlipuko wa bomu katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, Agosti 7, 1998. Siku hiyo hatutaisahau hata sisi wa Dar es Salaam, maana bomu la pili lililipuka kwetu asubuhi ile ile.

Kuhusu ile nchi isiyotajwa jina, sisi wasomaji wa Kiswahili tunaijua njia hiyo siku nyingi. Shaaban Robert alitutungia Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyo angani, ambako mtu anashitakiwa kwa sababu ya kufundisha elimu ya sheria. Wakati huo Shaaban Robert alikuwa mtumishi katika serikali ya mkoloni. Aliweka nchi yake angani ili watu wa ardhini waisome. Wahome Mutahi naye alifanya hivyo hivyo: nyumba ya Whispers ilikuwa Kusadikika ya kila Jumapili.

Halafu akaenda mbali zaidi. Safu yake ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza si lugha ya kila mtu. Katika miaka ya 1990 akaanza kutunga tamthilia kwa Kikuyu, zikachezwa katika mabaa ya Nairobi na miji ya Mkoa wa Kati. Mojawapo inaitwa Mugathe Mubogothi, ambayo kwa lugha yetu tungesema mheshimiwa anayeropoka. Watu walilipa kiingilio, wakaagiza bia na nyama choma, wakamwona mheshimiwa wao akiropoka hatua chache kutoka mezani pao. Angalia hapo, ndugu msikilizaji. Ni mtani aliyekaa kwenye kiti cha marehemu akihesabu sarafu, isipokuwa huyu mwenye kiti alikuwa bado hai, na ana polisi.

Kazi ya namna hii haifanyiki Afrika tu. Huko India alikuwako mzee mmoja, Khushwant Singh, aliyezaliwa mwaka 1915 katika kijiji ambacho leo kiko Pakistan. Alikuwa wakili Lahore. India ilipogawanywa mwaka 1947 akayakimbia makazi yake. Mwaka 1956 akatoa riwaya ya Train to Pakistan, juu ya majirani waliogeuka kuchinjana. Kwa miaka mingi aliandika safu iliyosomwa nchi nzima, akimchokoza kila mtu, wa dini yake na wa dini nyingine, na zaidi akijichokoza mwenyewe. Serikali ilimpa nishani kubwa mwaka 1974. Mwaka 1984, jeshi lilipoingia katika Hekalu la Dhahabu la Masingasinga mjini Amritsar, aliirudisha nishani hiyo. Lakini kabla ya hapo alikuwa akiwapinga pia Masingasinga wenzake wenye siasa kali waliokuwa na silaha ndani ya hekalu hilo, hata akahitaji ulinzi. Pande mbili zilimkasirikia kwa wakati mmoja.

Simtaji kama malaika. Mwaka 1975, Indira Gandhi alipotangaza hali ya hatari na kuwafunga wapinzani, Khushwant Singh alimwunga mkono, na mpaka alipofariki mwaka 2014, akiwa na miaka 99, watu walikuwa bado wanamsuta kwa hilo. Nalitaja kwa sababu mtani si mtakatifu. Mtani wetu wa Malolo alikuwa mlevi, na matangani watu walimwambia hivyo hivyo usoni. Hiyo ni sheria ya utani: anayekutania, nawe una haki ya kumtania. Ubaya ni pale mmoja anapokuwa na ulimi na mwingine ana gereza.

Na kuna sheria nyingine, aliyonikumbusha mjomba jioni ile. "Mtani hana ulimi tu," akasema. "Ana na jembe. Ukiona mtu anacheka msiba wako na kaburi hachimbi, huyo si mtani, huyo ni adui." Nimelifikiri neno hilo kila ninapoona mtu anatukana wakubwa kwa kutafuta sifa. Wahome Mutahi alichimba. Aliitumikia nchi yake serikalini, akafungwa katika nchi yake, akatoka, akabaki. Wengine walilazimika kukimbilia ughaibuni, nami siwalaumu. Lakini yeye kila Jumapili alikuwa pale pale, anakunywa katika baa zile zile anazoziandika, anakutana na wale aliowacheka.

Desemba 2002 Rais Moi alimaliza muda wake na chama chake kikashindwa uchaguzi. Mwanzoni mwa mwaka 2003 serikali mpya ilifungua vile vyumba vya chini ya Nyayo House ili wananchi wavione. Mambo ambayo watu walikuwa wakinong'ona sasa yalisemwa mchana. Ungedhani ndio ulikuwa wakati wa Wahome Mutahi kupumua. Lakini Machi mwaka huo alilazwa kwa upasuaji mdogo, na baada ya upasuaji hakuzinduka. Alikaa bila fahamu zaidi ya miezi minne. Alifariki Julai 22, 2003, akiwa hajatimiza miaka 49. Tangu mwaka 2006 wachapishaji wa vitabu wa Kenya wanatoa tuzo ya fasihi yenye jina lake.

Nilipopata habari ya kifo chake nilikuwa hapa hapa Dar es Salaam, nikijiandaa kuingia studio. Na sasa, ndugu msikilizaji, sina budi kukueleza jambo linalonihusu mimi, maana nisipolieleza nitakuwa nimesema ya Nairobi na India ili nisiseme ya nyumbani.

Katika miaka ya 1990, msimu mmoja wa korosho, nilikwenda kusini kutayarisha kipindi. Katika kituo kimoja cha kununulia, ambacho sitakitaja, mkulima mmoja mzee alinivuta pembeni. Alikuwa amepima magunia yake nyumbani kwa mizani ya kuazima, kisha akayapeleka kituoni. Kila gunia lilikuwa limepungua kilo kadhaa njiani, na njia yenyewe ni mwendo wa nusu saa. Akaniambia kwa utani, "Mwanangu, hizi korosho zangu zinatembea kwa miguu, ndiyo maana zinafika zimekonda." Nilicheka. Nilirekodi sauti yake. Niliporudi, nikaisikiliza mara tatu, nikaikata. Hakuna mkubwa aliyeniamuru kuikata, wala simu haikupigwa. Nilijiambia tu kwamba msimu ni mzuri, bei imepanda, kwa nini niwaudhi watu kwa ajili ya kilo chache? Kipindi kilitangazwa. Nikapongezwa.

Mwenzangu wa Kenya alikuwa ametoka chini ya ardhi, katika chumba cha maji, akaendelea kusema. Mimi nilikuwa na mshahara, kiti na feni, nikanyamaza. Nilipofika Malolo mara iliyofuata nilimweleza mjomba. Hakunikemea. Alisema tu, "Basi yule mzee alikutania wewe, mpwa wangu, na wewe ukamkasirikia." Nikamuuliza nilimkasirikia vipi, na mimi nilicheka? "Ulimkata sauti," akanijibu. "Kuna hasira kuliko hiyo?"

Mjomba naye ametangulia mbele ya haki. Alipozikwa watani walikuja, wakamwigiza alivyokuwa akipenda kutoa mifano mirefu mpaka ugali unapoa. Nilicheka sana siku hiyo, na faini sikutozwa.

Siku hizi sauti ni nyingi kuliko zamani. Kila kijana ana simu mkononi, na vichekesho juu ya wakubwa vinaruka kutoka Ruangwa mpaka Bukoba kabla chai haijapoa. Wapo wanaodhani kwa hiyo kazi ya watu kama Wahome Mutahi imekwisha. Mimi sidhani. Vicheko vingi vya leo ni vicheko vya kambini usiku, bwana mkubwa amelala. Mtu anaficha jina lake, anatupa neno, anakimbia. Na wakubwa nao bado wanakasirika upesi, kana kwamba hawakulelewa katika nchi ya utani. Tunachohitaji ni kile kiti cha matangani: mtu anayejulikana kwa jina, anayejicheka kwanza, anayeshika na jembe, na anayeachwa aseme mpaka amalize.

Kwa upande wangu nitaanza na deni langu. Ile mizani ya kituo kile ilikuwa inaiba. Mkulima yule alisema kweli, na alisema vizuri kuliko nilivyoweza kusema mimi. Korosho zake zilikuwa zinatembea kwa miguu, zikafika zimekonda.

Nimelisema kwa kuchelewa miaka karibu thelathini. Anayetaka kunitania kwa hilo, anayo haki.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.